Mdogo Wangu Alipokuja Labo

Mama hakuwahi kuielewa kazi yangu. Alichojua ni kwamba nilimaliza masomo ya biolojia, nikakaa nyumbani muda mrefu bila kupata kitu, halafu profesa mmoja aliyenifundisha akaniita niwe msaidizi wake katika labo yake, maabara ndogo upande wa Muhumba hapa Bukavu, chini karibu na ziwa. Profesa huyo anashirikiana na wenzake wa ng'ambo wanaochunguza matumbawe, wale wanyama wadogo wa baharini wanaojenga miamba. Bahari ikipata joto kupita kiasi, matumbawe yanakufa, na watafiti hao wanataka kujua kama seli shina za matumbawe, yaani seli changa ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa sehemu yoyote ya mwili, zinaweza kuyaokoa.

Sisi Bukavu hatuna bahari, lakini tunaye ndugu wa matumbawe anayeishi kwenye maji baridi. Anaitwa hidra. Tunamtoa kwenye majani ya ukingoni mwa ziwa. Ni mwembamba kama kipande cha uzi, ana mikono midogo kuzunguka mdomo, na ukimkata kichwa anaota kingine.

Kwa hiyo asubuhi ninabadilisha maji ya vyombo vyao na kuwalisha vijidudu vya maji ya chumvi. Zamani mayai ya vijidudu hivyo yalikuja kwa ndege; tangu uwanja wa ndege ufungwe kwa sababu ya vita yanazunguka kwa barabara na kukwama mpakani, na tunayahifadhi kama dawa. Kisha ninakaa kwenye hadubini na kisu chembamba. Ninakata, ninasubiri, ninapiga picha za kile kinachoota. Wenzetu wa ng'ambo wanalinganisha picha hizo na za matumbawe yao. Niliipenda kazi hii tangu mwanzo na bado ninaipenda, ingawa siku hizi siiongelei nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu Kamituga. Aliacha shule akaenda huko na wenzake wa mtaani, na alikuwa akirudi kwenye sikukuu na kelele zake zote, anamtania mama, anacheza na watoto wa majirani mpaka wanakataa kwenda kulala. Mwaka mmoja mvua zilikuwa kali. Udongo ulianguka ndani ya shimo, jiwe likamponda mkono wa kulia. Barabara ilikuwa matope matupu. Pikipiki iliyombeba ilikwama njiani mara nyingi, na alipofika Bukavu mkono ulikuwa umeshaharibika. Madaktari wakaukata chini ya kiwiko.

Alitoka hospitali akaja kwetu Kadutu, akalala akielekea ukuta. Shida kubwa ilikuwa chakula. Hakutaka kushika bugali kwa mkono wa kushoto mbele ya watu, na mama alipojaribu kumlisha aligeuza uso. Akawa anakula peke yake nyuma ya nyumba, au hali kabisa. Alikonda mpaka suruali ikawa inafungwa kwa kamba, na kamba hiyo hakuweza kuifunga mwenyewe.

Ndipo nilipomwambia twende wote labo, ili atoke tu kidogo. Profesa hakukataa. Mdogo wangu aliinama kwenye hadubini, akafunga jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu. Aliniuliza kama yule mnyama anamwona. Nikamwambia hidra hana macho. Siku iliyofuata alikuwa ameshavaa kabla yangu.

Akawa anakuja kila siku. Alijifunza kuzungusha hadubini kwa mkono wa kushoto, akajua yupi ana njaa na yupi ameshiba. Nilipokuwa nakata aligeuka akatazama dirishani, na nilipoona hivyo nikawa nasubiri atoke kwanza. Lakini siku zilizofuata, kichwa kipya kikianza kuchomoza na vile vijimkono kama nukta, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuviona. Aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Nyumbani akaanza kula. Akaketi nasi mezani, akatumia mkono wa kushoto, na mama akajifanya haoni, akaenda jikoni akakaa huko mpaka machozi yalipokauka.

Mama naye alitaka kujua ni nini tunachomwonyesha huko. Nilimweleza jinsi hidra anavyoota kichwa. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama mkono wake nao ukikatwa unaota. Nikasema ndiyo, unaota. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilidhani tunaongelea hidra.

Wiki hizo mama alisimama kwenye mkutano wa shirika, ile jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa wetu, akatoa ushuhuda. Alisema Mungu amemkumbuka mwanawe, kwamba binti yake anafanya kazi mahali panapootesha viungo. Habari ilitoka hapo ikashuka sokoni, na kutoka sokoni ikapanda mtumbwi.

Asubuhi moja mlinzi wa labo akaniita getini. Palikuwa na mama wa makamo mwenye mfuko wa maharagwe kichwani. Alikuwa ametoka Kalehe kwa mtumbwi, akapanda kilima kwa miguu. Mume wake alianguka kutoka juu ya lori la mbao na tangu hapo miguu yake haisikii kitu. Aliweka mfuko chini, akasema maharagwe ni ya kwetu, akauliza amlete mgonjwa siku gani.

Nilimkalisha kwenye benchi la mlinzi, nikajaribu kumweleza kwa upole. Hakunielewa, au hakutaka. Alisema hata ikiwa ni mguu mmoja tu, atashukuru. Mwisho ilibidi nimwambie bila kuzunguka.

"Maman, kwa mutu haiwezekani. Hapa tuko na vidudu vya maji tu. Mutu akipoteza kiungo, sisi hatuwezi kukirudisha."

Aliniangalia, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akasema basi ni sawa. Alikataa kurudi na maharagwe kwa sababu alikuwa ameshayatoa. Nilipogeuka ili nirudi ndani, mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Hakuingia tena kwenye chumba cha hadubini. Tulipanda kwenda nyumbani pamoja, yeye mbele. Kwenye mwinuko wa Nyawera alisimama kando ya barabara, akasubiri pikipiki zipite, kisha akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama alivyozoea.

"Yaya, mbona mimi haukuniambia?"

Nikamjibu kwamba hakuwahi kuniuliza.

"Niliogopa kuuliza," akasema. "Nilijua ningeuliza ungesema hapana."

Nilitaka kumshika bega, lakini lililokuwa karibu nami ni lile la upande wa kulia, na nikasita. Nafikiri aliona kwamba nimesita.

Siku hizo alirudia kulala akielekea ukuta. Kabla juma halijaisha alipata lifti ya lori akaenda zake Kamituga, hakuniaga. Mama alinilaumu. Alisema nilipaswa kumwachia mtoto tumaini lake mpaka apone moyo kwanza, kisha ndipo nimwambie. Nikasema kadiri ningengoja ndivyo angeumia zaidi. Tuligombana kwa sauti ambayo hatujawahi kuitumia sisi wawili, na hadi leo sijui nani kati yetu alikuwa na haki.

Jumapili iliyofuata nilikwenda mwenyewe kwenye shirika. Mama alikuja nami, akakaa nyuma. Nilisimama nikasema labo yetu haitibu watu, asije mtu yeyote kutoka mbali. Baba mmoja mzee akaniuliza, bila ubaya, basi hiyo kazi ina faida gani. Nilimweleza juu ya bahari, joto, matumbawe, na samaki wanaoishi ndani yake. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Watu waliokuwa pale, karibu wote, hawajawahi kuiona bahari, wala mimi sijaiona. Mama alinishika mkono tulipokuwa tunatoka.

Mdogo wangu alipata kazi ya kuangalia mashine ya kuvuta maji kwenye mashimo. Anasikiliza mlio wake, anaiongezea mafuta, anaizima ikichemka. Haingii tena chini. Anapiga simu siku anazopata mtandao, na mara nyingi mimi ndiye ninayepokea. Ananisalimia vizuri, anauliza kama nina afya, ananiambia mvua imenyesha au haikunyesha. Kuhusu labo haulizi. Niliwahi kuanza kumwambia kwamba tumepata vyombo vipya, akanikatiza taratibu akaniomba nimpe mama simu.

Nikampa. Nilibaki palepale, nikipanga sahani kabatini. Nilimsikia akimtania mama kama zamani, mama naye akicheka, akimwambia aache ujinga. Nilimaliza sahani zote, nikaanza vikombe.