Siku Nilipoleta Bahari Kisaju

Sijui kama kuna mtu mwingine katika nchi hii ambaye amewahi kukimbizwa na kundi la ng'ombe akiwa hana viatu, suruali imekunjwa hadi magotini, miwani nyeusi machoni, mbele ya watu waliotoka kanisani, na watu hao amewaalika yeye mwenyewe. Mimi nimewahi. Hadi leo nikipita stendi ya Kitengela kuna wanaume wananiita "Bahari", na mgeni akisikia hudhani ni jina la heshima, nami simsahihishi.

Mnanijua, mimi si mtu wa kukaa. Shule niliiacha darasa la saba, si kwa sababu ya kichwa kizito (ingawa mwalimu angesema vingine), ni kwa sababu dirisha letu lilitazama barabara na kila lori lililopita nilitaka kujua linaenda wapi. Ndivyo nilivyofika Mombasa miaka ya tisini, na ndivyo nilivyoosha glasi miezi minne katika klabu moja ya ufuoni iliyoitwa Kaa Mwekundu. Ilikuwa imezeeka tayari, kuta zimebambuka, piano ina vitufe vitatu visivyolia kwa sababu ya hewa ya chumvi, lakini Jumapili alasiri bendi ikishika ile roki ya zamani, ile ya kuchezesha magoti, karani wa bandari na baharia na mama wa makamo aliyevaa gauni la ujana wake walikuwa kitu kimoja. Nusu ya sakafu ilikuwa saruji na nusu mchanga, na sheria ilikuwa moja tu: viatu mlangoni. Mimi niliosha glasi nikitazama miguu. Nimefanya kazi nyingi tangu wakati huo, na hakuna nyingine iliyonifanya nisahau kuangalia barabara.

Ilifungwa. Nikaondoka, nikazunguka, Voi, Emali, Kajiado, na miaka ya elfu mbili ikianza nikajikuta Kitengela nauza maji kwa mkokoteni wa punda. Mmoja wa wateja wangu alikuwa Mzee Musyoka, Mkamba mstaafu wa kiwanda cha saruji, mpole, mzee wa kanisa. Siku moja namimina maji kwa pipa lake nikamsikia anapiga mluzi. Nikamuuliza ule wimbo ameutoa wapi.

"Hii tulikuwa tunapiga Mombasa kabla hujazaliwa," akasema. "Klabu moja, Kaa Mwekundu. Mimi nilikuwa na gitaa."

Nilimwaga maji yote chini. Nikamuuliza, viatu mlikuwa mnaweka wapi? Akajibu bila kufikiri, "Mlangoni." Tangu siku hiyo nilikuwa nikifika kwake na maji hata kama pipa limejaa.

Shida ilikuwa kijana wake, Kioko, aliyekuwa na kazi ya ofisi Nairobi na nyumba ya kupanga hapo Kitengela. Kioko hakuamini hata kidogo. Picha ziliungua na nyumba kijijini, gitaa liliuzwa mama yake alipookoka, na tangu azaliwe hajawahi kumwona baba yake ameshika chombo chochote isipokuwa jembe na Biblia. Mzee akianza tu, Kioko anawakonyeza watoto wake. "Baba, kwani hiyo klabu ulikuwa unapiga gitaa ama ulikuwa unafagia?" Watoto wanacheka. Mzee naye anacheka kidogo, halafu anatazama mikono yake. Mimi kile kicheko kilinikosesha raha kuliko kama nimetukanwa mimi.

Siku moja nikamwambia Kioko wazi kwamba baba yake anasema ukweli. Akaniangalia kuanzia miguuni. "Wewe wa punda? Sawa. Nikimwona akipiga wimbo mmoja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, sitawahi kumcheka tena. Nitawaambia watoto mbele yake mimi ndiye nilikuwa mjinga."

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili angetafuta gitaa na kiti, akamwita Kioko sebuleni, mambo yakaisha. Lakini mimi niliona sebule haitoshi. Nikamwendea Mama Kasyoka, mwenye hoteli ya nyama choma pale Kisaju, nikamwomba uwanja wake Jumapili moja. Gitaa la umeme tukaazima kanisani (mchungaji aliambiwa ni la mazoezi, na mazoezi kweli yalikuwepo), vijana wawili wa ngoma wakakubali, jenereta ikapatikana. Mzee alifanya mazoezi siku tisa, mlango umefungwa, vidole vikatoka malengelenge, akanionyesha kama mtu anayeonyesha pete.

Ingeishia hapo tu. Lakini Ijumaa nikatazama ule uwanja, vumbi jekundu na mawe, nikasema hapana, Kaa Mwekundu bila mchanga ni uongo. Wenye malori ya mchanga wakanimwagia nusu lori. Mchanga ukatandazwa, ukapendeza, lakini ukawa mkavu, haunuki kitu. Nikasema, bahari hunuka! Nikaenda duka la dawa za mifugo nikanunua chumvi ya ng'ombe (ya mezani ingekuwa ghali, na kumbuka ni mimi na punda tu).

"Uko na ng'ombe wangapi?" mwenye duka akaniuliza.

"Sina hata mmoja."

Akanipa mifuko, akanisindikiza kwa macho hadi nje.

Jumapili asubuhi nikaikoroga chumvi ile katika mapipa manne ya maji, nikanyunyizia mchanga wote hadi ukalowa. Mama Kasyoka alisimama na mwiko mkononi. "Wewe kijana, unaniletea uchafu gani kwa boma yangu?" Nikamwambia, mama, funga macho uvute pumzi, hiyo ni Mombasa. Akafunga macho. Akasema, "Hii ni zizi."

Sikumsikiza. Na niwakumbushe kwamba huo ulikuwa mwaka wa ukame mkali, nyasi zimekwisha hadi Namanga, na Wamaasai walikuwa wakipitisha mifugo kando ya barabara kila siku wakitafuta malisho. Nilikuwa nawaona kila asubuhi. Nilikuwa nawasalimia! Lakini kichwa changu siku hiyo kilikuwa Mombasa.

Saa tisa watu wakajaa. Nikasimama getini na miwani yangu, pekupeku, suruali nimekunja hadi magotini, kila anayeingia namwambia viatu vikae hapa, na wakavua, akina mama wa kanisa wakicheka kama wasichana, Kioko akavua vyake vya ngozi vinavyong'aa akavipanga vizuri kando. Mzee Musyoka akatoka ndani na shati jeupe la kola pana. Akakaa, akaweka gitaa mapajani. Kioko alikuwa mstari wa mbele, watoto wawili magotini. Nikasema maneno machache (marefu, kusema kweli). Mzee akapiga nota ya kwanza na nikaona kinyonga amebadilika rangi: uso wa Kioko ulikuwa umeacha kucheka.

Pengine nusu dakika hivi. Halafu nikasikia kengele. Si ya muziki, ya shingoni.

Ng'ombe wa kwanza aliingia polepole kama mgeni aliyechelewa. Akainamisha kichwa, akalamba mchanga, akainua kichwa akalia, na wenzake barabarani wakaelewa. Wakaja wote, na kwa kuwa mimi nilikuwa na chumvi hadi magotini, wa mbele wakanifuata, nikatimua mbio. Ua wa Mama Kasyoka ulikuwa wa miti mikavu ya miiba, ukalala chini, na sasa fikiria: watu mia hivi, wote pekupeku, viatu viko getini na geti limejaa pembe, upande mwingine ni miiba. Akina mama wakapanda meza. Mwanakwaya mmoja akapanda mwanakwaya mwenzake. Dume moja jeusi likakanyaga waya, jenereta ikapiga chafya ikazima. Kioko alikuwa amewanyanyua watoto wote wawili akakimbilia juu ya paa la choo, na miguu yake iliyoning'inia ilikuwa imeshika chumvi, kwa hiyo ng'ombe mmoja alisimama chini yake akimlamba nyayo na yeye akipiga mayowe ambayo yalifika Kitengela, naapa.

Mwenye ng'ombe akafika na fimbo yake, mzee mrefu, hana haraka. Nikamkimbilia, nikamsalimia kwa Kimaasai. "Sopa, mzee, toa ng'ombe wako, tafadhali!"

"Ipa," akaitikia. Akaonja mchanga kwa kidole. "Sikuwaita mimi. Wewe ndiye uliwaita. Ngoja wamalize."

Ndipo nikageuka, nikamwona Mzee Musyoka. Hakuwa ameinuka. Alikuwa pale pale katikati ya ng'ombe, macho yamefungwa, anapiga. Gitaa la umeme bila umeme, mnajua, halitoi sauti zaidi ya nzi ndani ya kopo. Nikamsogelea, nikamshika ndama mmoja sikio ili asimsukume, nikainama. Na nikasikia. Nyuzi zote, wimbo wote, vidole vikipanda na kushuka bila kukosea, mguu wake mtupu ukipiga mchanga, na mimi kwa muda ule sikuwa Kisaju, nilikuwa na glasi mkononi na maji ya sabuni hadi viwiko. Alifika mwisho. Akafungua macho.

"Kioko amesikia?"

Nilitazama paa la choo. Kioko alikuwa anabishana na ng'ombe.

"Amesikia, Mzee," nikasema.

Naye akatazama kule nilikotazama, kisha akanirudishia macho. Akaanza kufuta gitaa la kanisa kwa pindo la shati lake.

Hiyo hadithi Kioko anaisimulia vizuri sana siku hizi. Ndani yake kuna ng'ombe, kuna choo, kuna mimi na miwani yangu nikikimbia. Gitaa halimo. Nimejaribu mara nyingi kumwambia baba yako alipiga, alipiga wimbo mzima, nilikuwa karibu naye kuliko yule ndama, na yeye ananigonga bega, "Bahari, wewe tena?" Shahidi ni mimi peke yangu, na fikiria ni nani atakayemwamini mtu aliyesimama Kisaju akawaambia watu wavute pumzi wasikie Mombasa.

Nilimwendea Mzee mara tatu nikamwomba apige tena, pale sebuleni, kiti na gitaa basi, hakuna mchanga. Mara ya tatu aliniwekea mkono begani.

"Nilipiga," akasema. "Mara moja inatosha. Wewe si ulisikia?"

Nilisikia. Wiki ile nilimuuzia jirani punda na mkokoteni, nikashika barabara ya Kajiado. Na nimeapa kwamba siku nyingine nikipata mtu aliye na kitu cha kusikizwa, nitamtafutia kiti tu, nikae chini, ninyamaze.