Bastola ya Kuzoea Mlio

Vuteni viti karibu, maana habari ya mtu mwoga haisimuliwi kwa kelele.

Mzee Niyongabo wa Chatsworth wengi wenu mnamjua. Ni yule Mrundi mrefu mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, anayekagua makontena kwenye ghala moja kule Clairwood. Mtu wa sala, mtu wa kusalimia mpaka paka wa jirani. Lakini kuna jambo lilimfuata kutoka Bujumbura mpaka Durban bila pasi wala viza: akisikia mlio, analala chini.

Sisemi anashtuka. Analala. Tairi la lori likipasuka pale Clairwood, wenzake wanageuza shingo. Yeye tayari yuko kifudifudi kwenye lami, mikono kisogoni. Vijana wa Kizulu wa ghalani wakamtungia wimbo, "Baba, phansi!", yaani mzee, chini! Wanacheka, wanamwinua, wanampangusa vumbi, naye anacheka nao. Aibu ya namna hiyo mtu huweza kuishi nayo.

Na alikojifunzia mnakujua. Miaka ya vita kule kwao, kila nyumba ilikuwa na sheria iliyotangulia hata ile ya kunawa mikono: ukisikia, lala, kama una mdogo wako, mlalie. Niyongabo alimlalia dada yake mdogo Odette, risasi zikapita ukutani juu yao kama sindano kwenye kitambaa. Odette yuko hai, ana watoto na wajukuu. Mwili ukishafaulu mtihani kama huo, jibu hauliachi tena.

Basi ikaja Diwali ya mwaka juzi. Chatsworth siku hiyo, mnajua wenyewe, kila kibaraza kina taa, na jirani mwenye mkono mzuri anakuletea sahani ya vitamutamu. Jioni ile Niyongabo alikuwa amesimama getini, amembeba mjukuu wake Bonheur, mtoto wa miaka mitatu, wanatazama taa za ng'ambo ya barabara. Mtu akawasha fataki kubwa, ile inayotikisa vioo.

Mzee alifanya sawasawa alivyofundishwa. Alimlalia mtoto. Uzito wote wa mtu mzima, juu ya zege.

Mtoto alivunjika mtulinga, ule mfupa mwembamba wa chini ya shingo. Hospitali wakamfunga, ukaunga, watoto huunga upesi. Kilichokaa bila kuunga ni kingine. Anaïs, mama wa mtoto, binti pekee wa mzee, hakupiga kelele hata kidogo. Alisema, "Papa, najua kwa nini. Sina hasira. Mais, lakini, Bonheur sitamwacha tena mikononi mwako."

Jumapili aliendelea kumleta. Mzee aliruhusiwa kukaa karibu naye, kumsimulia, kumkatia embe. Lakini akinyoosha mikono tu, Anaïs ameshamdaka mtoto: "Babu amechoka." Na baada ya muda hakukuwa na haja ya Anaïs kusema. Bonheur mwenyewe akiiona ile mikono inamjia, anarudi nyuma hatua moja, kwa heshima kabisa, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Hatua hiyo moja ndiyo iliyomnyima mzee usingizi. Sasa aliogopa vitu viwili: mlio, na mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo anaingia Marwa. Marwa ni Mkurya wa Tarime, fundi wa breki za malori Clairwood, ana mke wa hapa na uraia wa hapa. Jumamosi husimamia usalama kwenye jumba la shabaha, lile lililo nyuma ya maghala, ambako watu hutoboa karatasi kwa starehe kama wengine wanavyocheza drafti. Siku moja alimkuta mzee amelala chini kwa sababu ya mlango wa kontena uliobamizwa. Hakucheka. Alichuchumaa.

"Mzee, mlio umekupiga miaka yote ukiwa upande wa mbele. Njoo siku moja ukae upande wa nyuma, uushike mwenyewe. Iko bastola ndogo, wanaiita pointi tuu-tuu. Risasi zake kama punje za mahindi, bei yake unaimudu, kelele yake ni kofi tu."

"Kofi la nani?" aliuliza mzee. "Maana kuna makofi na makofi."

Nyumbani, mkewe Gloriose alikuwa anachambua mchele. Alipoambiwa, sinia liliinama lenyewe.

"Bunduki! Tulivuka mipaka mingapi tukiikimbia, leo unataka kuilipia?"

"Si bunduki, mama Anaïs. Bastola ndogo ya kupiga karatasi."

"Na nyoka mdogo ni nini? Mjusi?" Akaanza kuokota mchele uliomwagika. "Eish, Niyongabo. Wezi wakisikia iko silaha kwa Warundi, watakuja kuitafuta, na watatukuta sisi. Na huyo mtoto unayemlilia, siku akiipata chini ya mto?"

Mzee alimweleza kwamba haiwekwi chini ya mto. Sheria inataka sefu, mafunzo, na polisi waridhike kwanza. Karatasi zake za ukaazi wa kudumu anazo tangu zamani, kwa hiyo njia ipo. Gloriose aliokota mpaka punje ya mwisho ikarudi siniani.

"Nitakuja," alisema. "Hicho kitu nakitaka nikione uso kwa uso."

Wakaenda Jumamosi. Duka la silaha liko mbele, uwanja wa shabaha uko nyuma ya ukuta. Walipofungua mlango tu harufu ya baruti iliyoungua ikawapokea, na mzee akasimama kizingitini kama punda aliyeona maji. Ni harufu ile ile. Alikuwa hajaivuta miaka mingi, na bado aliijua kama unavyojua sauti ya mtu aliyekutesa. Jasho likamtoka chini ya kofia. Nyuma ya ukuta mtu akafyatua kitu kikubwa, duu! Kufumba na kufumbua, mzee Niyongabo hayupo. Yuko chini, kando ya kabati la vioo.

Muuzaji, mtu mwenye adabu, akajifanya anatafuta kalamu.

"Mzee," alisema Marwa, "angalia vizuri. Hujalala. Umepiga magoti tu. Tumeshaanza maendeleo!"

Gloriose akacheka, kiganja mdomoni, machozi yanamchuruzika. Sijui yalikuwa ya kicheko au ya nini. Akamshika mumewe kwapani, akamwinua.

Marwa akaomba zitolewe bastola tatu. Ya kwanza mpya, inang'aa, kazi ya Wajerumani. Mzee alijaribu kuvuta kile kifuniko cha juu ili kuiandaa, vidole vyenye jasho vikateleza, akakubali mwenyewe kwamba hata bei yake imeteleza. Ya pili ilikuwa na mwili wa plastiki, nyepesi kama toi, na rahisi. "Hii inachagua chakula," alisema Marwa. "Ukiipa risasi za bei ya chini inakohoa." Ya tatu ilikuwa kuukuu, ya silinda inayozunguka, mpini wa mbao umebanduka rangi, chuma kimechakaa pale mkono wa mtu mwingine ulipozoea kukaa.

"Ipi ina mlio mdogo?" aliuliza mzee.

Muuzaji akamtazama. Kila siku anaulizwa ipi inalenga sawa, ipi ni nyepesi. Hili hajaulizwa. "Zote ni karibu sawa, baba," alijibu Marwa kwa niaba yake. "Anza na hii ya plastiki, uone."

Wakavaa vifunika masikio na miwani. Gloriose akabaki nyuma ya kioo kinene. Kabla hawajaingia, Marwa alisimama mbele ya mzee, na utani wote ukamtoka usoni.

"Nisikilize. Humu ndani kuogopa ni ruhusa. Mimi mwenyewe naogopa, na anayesema haogopi namtoa nje. Magoti yatetemeke, meno yagongane, ukijikojolea tutadeki. Lakini mkono ulioshika hauondoki. Unatazama karatasi mpaka mimi niseme. Umenielewa? Mwili wako fanya utakavyo. Mkono ni wangu."

Mzee alifyatua. Lilikuwa kofi kweli, tena la mama, si la askari. Magoti yakakunjika kidogo. Akafyatua tena. Karatasi ikatoboka pembeni kabisa, mahali ambapo hata mchwa asingeona haja. Akavuta mara ya tatu.

Ta.

Basi. Ta, na kimya.

"Usisogee!" Marwa alikuwa ameshamfika mgongoni. "Imegoma. Hizi ndogo hugongwa ukingoni, si katikati, ndiyo maana ni rahisi na ndiyo maana hugoma. Lakini inaweza kulia ikichelewa. Mkono mbele. Subiri."

"Mpaka lini?"

"Unasali? Sali Baba Yetu, na usiikimbize."

Ndugu zangu, mlio mtu anaweza kumaliza kuuogopa, kwa sababu ukishalia umeisha. Lakini kusubiri mlio! Kila usiku wa utoto wake Niyongabo alisubiri. Alikuwa ameshika kitu ambacho huenda kimekufa na huenda kinavuta pumzi. "Baba yetu uliye mbinguni," alianza, na ulimi wake ulikuwa mkavu kama gunia. Alipofika kwenye mkate wa kila siku, mtu wa chumba cha jirani akafyatua ile kubwa.

Duu!

Mwili ukaondoka. Hakuuamuru, wala hakuweza kuuzuia. Magoti yakagonga sakafu, kichwa kikaingia mabegani. Gloriose nyuma ya kioo aliinua mikono miwili, akapiga kelele asiyoisikia mtu. Marwa alishuka naye chini sambamba, kiganja chake chini ya kifundo cha mkono wa mzee, tayari kuushika.

Haukuhitaji kushikwa. Mzee alikuwa amepiga magoti, anatetemeka kama nguo kwenye kamba, na mkono wake wa kulia umenyooka mbele, unatazama karatasi.

"Hivyo hivyo," Marwa alimwambia sikioni. "Uko chini, sharp, sawa. Mkono uko wapi? Uko pale pale. Maliza sala."

Akamaliza. Ndipo Marwa akaichukua bastola, akaitoa ile risasi na kumwonyesha alama ya kinyundo kwenye ukingo. Punje tu. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, halafu akaenda chooni akatapika.

Aliporudi alichagua ile kuukuu.

"Ile imechoka, Papa Anaïs," alisema Gloriose.

"Ni nzito. Mkono unakumbuka kwamba umeshika kitu."

Gloriose akatoa sharti lake palepale mbele ya muuzaji: haivuki kizingiti chake, leo wala kesho. Duka lina sefu ya kuwatunzia wateja, ikae huko. Mzee akaanza maombi ya kibali, na huku akisubiri, akawa anakwenda kila Jumamosi kuipiga chini ya macho ya Marwa. Je, aliacha kupiga magoti? Hapana. Kila Jumamosi alipiga magoti, na mkono ukabaki.

Diwali ikarudi. Anaïs alikuja mapema na Bonheur ili waondoke kabla ya fataki. Alikuwa jikoni anaaga, mzee amekaa ukumbini karibu na dirisha, mtoto anasukuma kigari chake sakafuni. Mtu wa ng'ambo hakungoja giza. Ikalia ya kwanza.

Mtoto ndiye aliyekimbia. Alikimbilia mwili mkubwa uliokuwa karibu, akarukia, na mzee aliyekuwa ameshainuka kitini akajikuta amembeba, bila ruhusa ya mtu. Hofu iliyompanda hapo ilizidi zote za maisha yake, maana alijua kinachofuata.

Ikalia ya pili.

Mwili ukaondoka kama kawaida yake. Magoti yakakunjika, mgongo ukateleza ukutani mpaka chini. Lakini mikono iliyoshika haikuondoka. Alikuwa ameketi sakafuni, mtoto juu ya mapaja yake, juu, si chini, na midomo inakwenda: jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike.

"Babu, unatetemeka."

"Ndiyo."

"Na mimi pia."

Anaïs alitoka jikoni mbio, akafika mlangoni, akasimama. Mzee alimwona, akataka kumwinulia mtoto.

"Mchukue," alisema. "Mchukue, mwanangu, kabla ya nyingine."

Anaïs akaitazama ile mikono. Akaweka mkoba wake chini taratibu, akaketi sakafuni ng'ambo yao.

"Maliza sala kwanza, Papa."