Ubongo wa Mama Ndani ya Chupa

Siku nyingi nimezisahau, mwanangu, lakini ile ambayo shemeji yangu Kilonzo alitutembelea kutoka Mukuyuni imekataa kabisa kunitoka. Kaa hapo nikusimulie, maana asubuhi nilipofika hapa kwenu nimeiona kufuli uliyoweka kwenye mlango wa mama yako, na sikufurahi hata kidogo.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali moja huko Kitui. Kijana wa viatu vyeusi, maringo tele! Nikipata ruhusa nilirudi nyumbani Kanyangi, ambako mama yangu Ndunge alikuwa ameanza kusahau. Alitia chumvi mara tatu kwenye chungu cha mahindi ya muthokoi. Aliuliza baba atarudi lini kutoka malishoni, na baba tulikuwa tumemzika zamani. Mimi nikasema ni ukaidi wa uzee tu.

Sasa, Kilonzo alikuwa amemwoa dada yangu. Unajua desturi yetu: mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja hugeuza uso. Mama alikuwa ameishika desturi hiyo maisha yake yote. Lakini siku hiyo alitoka chumbani mbele ya wazee, akaketi ubavuni mwa Kilonzo, akachota chakula kwenye sahani yake. Kilonzo aliruka akatoka nje bila viatu. Wazee wakainamisha macho. Aibu gani hiyo!

"Mama, umeamua kutuaibisha?" nikamfokea.

"Kwani kuna ubaya gani?" akasema. "Nakula na Kioko wangu."

Kioko ni mimi, mwanangu. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Nilimvuta mkono hadi kwenye kibanda cha nyuma, nikafunga mlango kwa nje kwa kamba ya katani. Nikaagiza apitishiwe chakula dirishani, asitoke tena wageni wakiwepo. Kisha nikarudi kazini. Ilikuwa Julai, na unaijua baridi ya Julai. Waliponiletea mama hospitalini alikuwa na kichomi, na mikono imechubuka kwa kuupiga mlango. Hakuishi siku tatu.

Daktari wetu alikuwa akichunguza kwa nini wazee wengine hupoteza kumbukumbu. Akaniomba ruhusa atoe ubongo wa mama auhifadhi. Nikakubali, wala sikumwambia mtu yeyote nyumbani. Usidhani nilipenda elimu. Nilitaka daktari aniambie ubongo ule ulikuwa mzima, kwamba mama alikuwa mkaidi tu, ili nipate usingizi.

Ukakaa kwenye chupa ya dawa, katika chumba cha daktari, majuma kadhaa mpaka ukawa mgumu. Kazi ya kupangusa chupa za chumba kile ilikuwa yangu, kwa hiyo kila asubuhi nilimpangusia mama yangu vumbi. Siku ya kuukata, daktari akauweka kando ya ubongo wa mwanamke mwingine wa umri wake, aliyekufa akiwa na akili timamu. Wa mama ulikuwa umenywea, mikunjo yake imeachana hadi kidole kingeingia.

"Kilichounyausha sikijui," daktari akasema. "Ila huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa mgonjwa."

Nilikwenda kwa mjomba Mutiso, kaka yake mama, nikamwambia yote, hata kwamba tulimzika dada yake bila ubongo wake.

"Kumbe ilibidi kisu ndicho kikwambie mama yako anaumwa?" akauliza. "Yeye mwenyewe alipokuwa anakwambia, ulikuwa wapi?"

Hakunipa mkono tena mpaka alipokufa.

Basi sikia. Mama yako akikuuliza jambo lile lile mara kumi, mjibu mara kumi. Akikuita kwa jina la marehemu, itika. Akikuaibisha mbele ya wageni, kaa karibu naye, na wageni wakitaka kwenda, waende. Usingoje kueleweshwa na daktari kitu ambacho macho yako yanakuonyesha kila siku.

Mungu akupe moyo mpana, mwanangu. Na kumbukumbu zako zikianza kukutoka, akujalie mtu atakayekushika mkono bila kukuvuta.

Unamsikia? Anagonga. Nenda umfungulie.