Kumposa Mama Upya

Kosa lilikuwa langu, na nilipolifanya nilipigiwa makofi. Tulikuwa tumekaa uani kwa wazazi wetu, mjini Kasongo, sisi watoto sita wa tumbo moja, tukipanga jubile ya miaka hamsini ya ndoa yao. Padiri alishakubali misa. Kitenge cha sare kilishachaguliwa, yaani tulishagombana, tukanuniana, tukapatana. Mimi ndiye kifungua mimba, tena mkuu wa shule ya msingi, kwa hiyo kunyamaza kwenye mkutano siwezi. Nikasema bibi harusi hatoki jikoni kwake kwenda kanisani. Bibi harusi anatoka kwao. Tumpeleke mama kwao, kule Wamaza, kwa mjomba wetu, akae wiki moja, kisha Jumamosi tumlete kwa pikipiki zilizopambwa maua, kama alivyoletwa zamani. Zamani alikuja kwa miguu na mzigo kichwani, lakini nani angetaka kupiga picha za hivyo?

Baba alikubali mara moja. Baba hukubali jambo lolote ambalo halimhitaji yeye kusimama.

Mama akaondoka Jumatatu, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilidhani ni furaha. Ilikuwa furaha kweli, ila si ile niliyomwandalia mimi.

Nilichosahau, mimi ninayewafundisha watoto wa watu mila na adabu, ni hiki: kwa watu wa mama, mwanamke aliyeolewa akirudi kwao na mizigo, bila mumewe kumsindikiza, hatolewi hivi hivi. Mume aende mwenyewe, na jogoo mkononi, aseme mbele ya ndugu za mke kwamba amekuja kumfuata. Haidhuru kama hawakugombana. Aliyekuja kusalimu anabeba kikapu. Aliyebeba sanduku anaulizwa maswali. Na sanduku la mama lilikuwa kubwa kweli, maana nililifunga mimi mwenyewe: gauni, viatu, kilemba, na mashuka mawili ya zawadi.

Ijumaa mwenye pikipiki aliyempeleka mama akaja na ujumbe. Alikataa hata kushuka, akausema injini ikiwaka: "Mama anasema hatarudia na maua yenu. Muzee akuye yeye mwenyewe, amuombe."

Baba akacheka. Kisha akaona sisi hatucheki.

"Nimuombe nini? Si iko bibi yangu?"

Baba si mtu mbaya, lakini kuomba hakukuwa katika kazi zake. Mezani anasema "chumvi" na chumvi inakuja. Hata zamani, siku ya posa, walisema wajomba zake. Yeye alikaa kwenye mkeka, kofia magotini, akisubiri kuambiwa kama ameoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na magoti ya baba hayajainama vizuri tangu zamani.

Jumamosi alfajiri tukaondoka, yeye na mimi, kila mtu nyuma ya dereva wake wa pikipiki, na jogoo kwenye yangu. Misa ilikuwa kesho yake. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: tufike alasiri, tuseme maneno mawili matatu, usiku huohuo turudi naye. Nilikuwa nimeandaa hotuba.

Mjomba alitupokea kwa furaha iliyoniudhi. Siku mama alipoolewa, mjomba alikuwa mtoto, akafukuzwa kwenye kikao cha wakubwa. Sasa ndiye mkubwa, na alikaa kwenye kiti chake kama hakimu. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza. Sauti ya mama ikatoka ndani, nyuma ya pazia.

"Wewe, nyamaza. Ile siku pia walisema watu wengine. Na mimi alinijibia shangazi."

Kisa hicho tunakijua wote. Kabla mali ya mahari haijaliwa, msichana huulizwa mara tatu mbele ya watu kama iliwe au irudishwe. Siku hiyo mama alikuwa amelala ndani na malaria, na shangazi yake akaitikia kwa niaba yake, mara zote tatu, kwa sauti nzuri. Baadaye kanisani padiri alimuuliza, mama akakohoa, na padiri akahesabu kikohozi kuwa ndiyo. Tumekisimulia kisa hicho kwenye kila karamu ya ukoo, na kila mara mama alicheka pamoja nasi. Miaka yote hiyo nilidhani anacheka.

Watoto sita, nyumba mbili zilizojengwa, vita viwili vya kukimbilia msituni, na neno lenyewe halijawahi kutoka kinywani mwake. Sasa alitaka kuulizwa, na aliyetakiwa kuuliza alikuwa baba.

Baba akainuka. Ilichukua muda.

"Nimekuya kukuomba," akasema kuelekea pazia.

"Kuniomba nini?"

"Urudie kwetu."

"Kupika?"

"Hapana. Kukaa. Kukaa na mimi."

"Na nikikatala?"

Nilitegemea angechukia, au angegeuza jambo kuwa mzaha. Hakufanya hivyo.

"Ukikatala, nitakuya tena kesho."

Kisha mama akasema, "Basi kuya kesho."

Nilimkumbusha kwamba kesho ndiyo misa, wageni wamefika, ng'ombe ameshachinjwa.

"Kama wamekwisha kumuchinja, wakule," akajibu.

Nikapanda kilimani kutafuta mtandao, nikawapigia wadogo zangu. Jubile ikaendelea bila wenyewe. Naambiwa ilifana. Padiri alibariki picha ya harusi, mdogo wangu akacheza ngoma mahali pa baba, gato, yaani keki, likakatwa. Watu walisifu sana, hasa kwa kuwa hakuna aliyelazimika kusubiri wazee watembee.

Saa hizohizo, Wamaza, baba alitoka nyumba ya jirani, maana anayeposa halali kwa wakwe. Amenawa, amevaa koti la sherehe. Jogoo tulishamla, kwa hiyo alikuja mikono mitupu. Mama safari hii alikuwa nje, kwenye kigoda, akibambua karanga, bila kilemba. Mjomba alifungua mdomo. Nikamshika mkono kwa nguvu, akaufunga.

"Utarudia na mimi?" baba akauliza.

Mama akaendelea na karanga zake. Baba akauliza tena. Ganda likapasuka, karanga ikaingia bakulini. Nilimtazama baba usoni na nikaingiwa na hofu ya kweli, kwa sababu yeye alikuwa ameogopa. Tangu mwanzo jibu lingeweza kuwa hapana, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwachia mama nafasi ya kulisema.

Baba akauliza mara ya tatu.

Mama akaweka bakuli chini, akafuta mikono, akamtazama.

"Ndiyo," akasema.

Baba akakaa palepale kwenye udongo, na koti lake jipya, akalia. Nami nililia.