Bosi Anapowasaidia Watu Kazi

Juzi nilikuwa ofisi ya simu Lushoto, nikiomba kuunganishwa na Mombo niulizie lori langu la kabichi. Opereta mmoja alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Bosi mpya akavua koti, akakalia kiti cha opereta huyo.

"Ubwana tumewaachia wakoloni. Leo nawasaidia, ndugu zangu."

Akachomeka waya. Simu ikapokewa na mchungaji wa Irente, akanipongeza kwa uchumba. Mimi nina wajukuu.

"Ndugu, huyu si wa Mombo," nikamwambia bosi.

"Ongeeni tu. Wote ni wananchi."

Jana nimepita tena saa ya chai, na hakuna opereta aliyeinuka. Bosi anatabasamu: "Unaona, mzee? Ukijishusha, watu wanaipenda kazi."

Wanaipenda sana. Mmoja alikuwa amejifunga kitini kwa kanga.