Mizigo Arobaini ya Mabua kwa Taa Mbili

Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa watu binafsi, kila njia panda ya Masama, huku kwetu mlimani, ilipata mnunuzi na mizani yake, na mimi nikajifunza kutoamini mizani ya mtu yeyote. Ndiyo maana mradi wa umeme ulipofika kijijini, majirani walinituma mimi nikaongee na mtaalamu. Walisema mimi sipunjiki.

Mtaalamu alitoka Dar na viatu vyeupe. Alieleza kwamba mashine yake inachoma taka za shambani kwenye pipa lenye hewa kidogo, gesi inayotoka inazungusha jenereta, na mkaa unaobaki tutauchanganya na udongo. Kazi yetu sisi ni kutoa taka tu. Akaomba nimwonyeshe zilipo.

Nikamzungusha kihamba chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, mara mbili. Majani makavu ya migomba? Yamefunika udongo usikauke. Mashina yake? Ya ng'ombe. Maganda ya ndizi? Ya ng'ombe. Magunzi? Ya jikoni. Mwishowe akayaona mabua ya mahindi yaliyopangwa juu ya zizi, uso ukamng'aa.

"Shikamoo mama. Na haya?"

"Marahaba. Hayo ya ng'ombe," alisema mama yangu.

"Sasa mama, taka zenu mnaweka wapi?"

Mama akafikiri kwa adabu. "Hapa hatuna, baba. Labda uulize Moshi mjini."

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja, na alikuwa na mimba. Mabua yale tuliyapandisha kwa gari la kukodi kutoka shamba letu la tambarare, yamfikishe hadi mvua. Mizigo arobaini. Niliihesabu ikipakiwa, nikaihesabu ikishushwa.

Mradi ulikuwa unatoa taa moja kwa mizigo arobaini. Nilibishana asubuhi nzima, nikapata mbili: ya sebuleni na ya zizini. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

"Na ng'ombe atakula ile ya zizini?" mama akauliza.

"Mama, tutashuka tambarare tununue mabua mengine."

Majirani waliposikia nimepata mbili, kila nyumba ilipeleka mabua yake mradini, kisha kila nyumba ikashuka tambarare kununua mengine. Watu wa tambarare walipotuona tunashuka kwa foleni, wakakumbuka kwamba hata wao wana ng'ombe. Nilirudi na kamba tupu niliyokwenda nayo.

Uzinduzi ulifanyika saa nane mchana, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na kikao Moshi. Kila nyumba ilitoa mizigo miwili kwenye rundo lake. Mashine ikaunguruma, jua linawaka, sote tukaikodolea macho balbu.

"Imewaka?" mgeni rasmi akanong'ona.

Mtaalamu akaikinga kwa kofia ili tuone. Tukapiga makofi.

Nikakimbilia nyumbani kuiona yangu. Zizi letu ni giza hata mchana, na kwa mara ya kwanza nilimwona yule ng'ombe vizuri. Nilizihesabu mbavu zake upande mmoja. Nikarudia. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ndiyo umeme huo?" akasema.

Kesho yake alishika kamba akaenda mradini, mimi nyuma yake.

"Mama, hayo sasa ni mafuta ya mashine," mtaalamu alimwambia.

"Mashine ina mimba?"

"Hapana, mama."

"Basi tufungie hiyo mizigo."

Mtaalamu alifunga, tena vizuri, halafu akaja nyumbani kufungua balbu zake zote mbili. Nilijaribu kumbembeleza aache ya sebuleni. Mama alinitazama, nikarudi mradini kubeba. Mizigo thelathini na minane. Ile miwili iliyoungua ilitupatia robo ndoo ya mkaa, na mama akaumwaga zizini ulowe mkojo, kisha akaupeleka kwenye migomba pamoja na samadi. Hakuona jipya.

Ndama alizaliwa gizani, jike, mzima. Mama akatoka kwenda kuhesabu mabua yaliyobaki hadi mvua. Mimi aliniambia nikachote maji.