Siku Tuliyohalalisha Mashini

Kompyuta ile tuliiunga kutokana na mabaki ya nyingine tatu. Sanduku lake lilitoka katika ofisi ya shirika lililofunga virago mapigano yalipoukaribia mji wa Masisi. Diski ilichomolewa kwenye mashini ya parokia iliyopigwa na radi. Ubao mkuu pekee ulikuwa mpya, nao ulipanda kutoka Goma ndani ya furushi la mitumba, ili wenye vizuizi barabarani wasiulizie. Aliyeiunga ni mzee mmoja wa rika langu, niliyemwita Papa kwa heshima kama yeye alivyoniita Mama, fundi wa redio tangu ujana wetu, mtu wa mikono mitulivu na ulimi usiotulia.

Mimi nilikuwa mwalimu, na juu ya ualimu nilipewa kazi ya kuandikisha watahiniwa wa kujitegemea, yaani watu wazima wanaoutafuta mtihani wa serikali bila kukalia dawati la shule. Mwaka ule majina ya wengi wao yalikwisha kutumwa. Lilibaki moja. Mwenyewe alikuwa mama wa miaka thelathini na minne, aliyekimbia Nyamitaba na kuhamia kambini Lushebere na watoto wake. Kwa miaka mitatu alinijia kila Jumamosi, tope likiwa limempanda hadi magotini, tukapitia hesabu na Kifaransa. Mkuu wa shule ya kambini alikuwa amemwahidi kazi ya kufundisha darasa la pili iwapo angepata diploma ya mtihani huo. Hati zake za zamani ziliteketea pamoja na nyumba, na zile za kuzibadili zilimfikia siku ya mwisho ya kuandikishwa. Dirisha la kuandikisha lingefungwa saa kumi alasiri, kwa saa za kwetu za mashariki.

Fomu ya ofisi ya mitihani ilikataa kufunguka kwenye simu, na mfumo wa zamani uliokuwa kwenye diski ile uliikataa pia. Kwa hiyo asubuhi hiyo, nyumbani kwangu, Papa alianza kuupandisha mfumo hadi toleo jipya. Kazi ikaenda vizuri kuliko tulivyotazamia. Kabla ya saa sita za mchana mashini ilikuwa imewaka, fomu inafunguka, na chini kwenye kioo kumeandikwa kwa herufi za kijivu kwamba mfumo haujahalalishwa.

"Mama, iachie vile," Papa akaniambia, akimwonyesha yule mama aliyekaa kwenye benchi na bahasha yake. "Iko inatembea bila shida. Tutume kwanza jina la huyu dada, ile ingine tutafanya kiisha."

Nilikataa. Ninalazimika kueleza kwa nini, ingawa maelezo hayanisafishi. Baba yangu alilima mlima mmoja maisha yake yote, maharage na muhogo, na alipokufa akatokea mtu na karatasi yenye muhuri, akauchukua. Sisi hatukuwa na karatasi. Tangu hapo sikuweza kuvumilia kitu chochote kisicho na hati, na hapa kwetu sikuwa peke yangu: mtu hubeba kifuani vyeti vyake vyote ndani ya mfuko wa plastiki, akilala na akikimbia. Niliamini kwamba jina likitumwa kutoka kwenye mashini isiyo halali, siku moja afisa fulani angelifuta kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna kanuni ya namna hiyo. Niliitunga mwenyewe kutokana na hofu.

Ufunguo wa kuuhalalisha mfumo nilikuwa nao, herufi na tarakimu ishirini na tano, nilioletewa na mdogo wangu anayeishi Kampala. Simu yangu ndiyo iliyotupa mtandao, nayo ilikuwa juu ya ukingo wa dirisha, imeegemezwa kwenye kopo mahali pekee ambapo mawimbi hufika. Hatukuthubutu kuigusa, maana kuihamisha kidole kimoja ilikuwa kuupoteza mtandao. Papa alikuwa ameiacha yake dukani ikichajiwa, na yule mama alikuwa amewaachia watoto simu yake. Nje, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Hatukuliona jua wala kivuli.

Niliuingiza ufunguo. Duara likazunguka, likazunguka, mtandao ukakatika. Nikaanza upya.

"Hii ordinateri iko sawa na afisa wa barrière kule barabarani," Papa akatania, akiigonga kompyuta kwa kidole. "Unamupatia kitambulisho, anakigeuza mara kumi, na kusoma hajui."

Yule mama alicheka kwenye benchi, akashika vizuri bahasha yake. "Papa, umubembeleze. Pengine anataka fanta."

Jaribio la sita au la saba, mashini ikakubali. Nilipiga makofi kama mtoto. Saa iliyokuwa kwenye kona ya kioo ilionyesha saa nane na nusu.

"Tuko na saa moja na nusu," nikasema. "Tufanye polepole, bila kosa."

Basi tukafanya polepole. Nilichemsha chai. Nilimsomea kila mstari, naye akarudia baada yangu: kijiji cha kuzaliwa, jina la baba, jina la mama. Picha yake ilikuwa na giza upande mmoja, tukaipiga tena ameegemea ukuta mweupe, kwa kamera ya kompyuta. Alifungua kilemba, akakifunga upya. Nilipobonyeza kutuma, kona ya kioo ilisema saa tisa na dakika kumi.

Jibu lilikuja papo hapo. Muda wa kuandikisha umekwisha.

Nilibonyeza tena. Papa akaniinamia begani, akasoma, kisha akaenda dirishani, akaitazama simu bila kuigusa.

"Mama," akasema. "Hapa ni saa kumi na dakika kumi na mbili."

Asubuhi, mfumo ulipomwuliza nchi, alichagua Kongo, kama ambavyo ningechagua mimi. Mashini ikajipa saa ya Kinshasa, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa nzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria jambo hilo, sisi tunaosikia kila siku redioni saa zikitajwa mara mbili, ya huko na ya huku. Tulipokuwa tukinywa chai, dirisha la kuandikisha lilikuwa bado wazi. Mchana, Papa aliponisihi, lilikuwa wazi kwa saa nyingi.

Papa alianza kujilaumu kwa sauti. Nilimwacha ajilaumu, na hilo nalo sijalisahau.

Yule mama hakulia. Alizipanga karatasi zake ndani ya bahasha, moja baada ya nyingine, akatazama kioo ambacho hakikuwa tena na maandishi ya kijivu.

"Sasa mashini yako iko en ordre, Mama, iko na karatasi yake," akaniambia. "Mimi njo sina."

Hakulisema kwa hasira. Alinishukuru kwa chai, akamuaga Papa, akashika njia ya Lushebere kabla mvua haijaanza.

Jumamosi iliyofuata niliandaa vitabu mezani, lakini hakuja. Nilishuka kambini. Jirani yake, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, aliniambia amekwenda Walikale na watoto wake, kwenye machimbo, ambako alisikia kwamba wanatafuta mtu wa kuandika uzito wa magunia. "Ati anajua kusoma vizuri," jirani akasema. Kisha akanitazama viatu na nguo, akauliza: "Wewe njo ulikuwa unamufundisha?"

Nikamjibu kwamba ni mimi. Akasogeza ungo wake ili nipate mahali pa kukaa, lakini sikukaa.